Kopo la jiokeshi ulifiche wapi: Gangilonga, Isimila, Ngosi, Kimondo au Matema?

Anayetaka kuficha kopo la jiokeshi, mchezo wa kutafuta makopo yaliyofichwa kwa kutumia GPS, hakosi mahali Nyanda za Juu Kusini. Kuanzia miamba ya Iringa mpaka ufuo wa Ziwa Nyasa, kila kona ina cha kumwonyesha mgeni. Kazi inaanza pale unapokuwa na kopo mkononi na maswali yanakujia: hapa panapendeza, lakini mama mwenye mtoto mgongoni atafika? Mvua za Machi zitaniachia kitu? Mwenyekiti wa kitongoji akiulizwa, atasema analifahamu?

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyefika hapo akakwama. Nimechukua maeneo matano yanayotofautiana sana: Jiwe la Gangilonga mjini Iringa, Isimila kandokando ya njia kuu, Ziwa Ngosi juu ya safu ya Uporoto, Kimondo cha Mbozi, na Matema. Sitachagua moja la kuwafaa wote, kwa sababu kopo linalomfurahisha kijana wa chuo Mbeya laweza kuwa mateso kwa mstaafu wa Njombe anayetembea kwa mkongojo. Ila nina msimamo, na nautetea: uzuri wa mandhari peke yake hautoshi. Kopo jema ni lile ambalo mtafutaji hulifikia kwa amani, majirani wanajua lipo, na mwenyewe anaweza kurudi kulikagua bila kuvunja mfuko.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anausikia mchezo huu: mtu anaficha kopo lenye daftari, anachukua namba za GPS za pale alipolificha, anazituma kwenye tovuti ya mchezo. Wahakiki wa kujitolea wakiridhika, zinatangazwa. Wengine wanakuja na simu zao, wanalitafuta, wanaandika jina na tarehe, wanalirudisha palepale. Ulianza tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alipoficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuacha kuvuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia.

Vigezo nilivyotumia

*Kufika.* Usafiri gani unafika, unatembea kiasi gani, na nani anaachwa nyuma. Kila kopo hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: moja ya ugumu wa kulitafuta, nyingine ya ugumu wa njia. Alama 1 ya njia ina maana nzito: mtu mwenye kiti mwendo afike na alifikie kopo akiwa ameketi. Ukiandika 1 mahali penye ngazi tatu tu, umemdanganya mtu aliyetoka mbali akikuamini.

*Kinachomngoja mgeni.* Kopo ni kisingizio cha kumleta mtu mahali. Akiisha kuandika jina lake, atakaa aangalie nini?

*Ruhusa na majirani.* Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote. Kanuni za mchezo zinadai idhini ya mwenye ardhi au msimamizi wake, na kwetu idhini ina ngazi zake: ofisi ya kijiji au mtaa, Wakala wa Misitu, TANAPA kwa hifadhi za taifa, wasimamizi wa malikale. Kuna jambo la pili ambalo kanuni za kimataifa hazilitaji. Mtu mgeni anayeonekana akichomeka kitu kwenye pango la mwamba au chini ya mti mkubwa, akitazama huku na huku, anaweza kushukiwa ushirikina au wizi. Kwa hiyo anza na salamu. Iringa “Kamwene” itakufungulia mlango haraka kuliko barua yoyote. Kisha “Shikamoo mzee, nina ombi dogo,” fungua kopo, mwonyeshe daftari na penseli, na mwombe akushauri pa kuliweka. Mara nyingi ushauri wake utashinda mpango uliokuja nao.

*Maficho yenyewe.* Huruhusiwi kuchimba, wala kumlazimisha mtafutaji kuchimba. Kati ya kopo na kopo ziwe angalau mita 161. Usiweke chakula, maana wanyama watalipasua; pombe, dawa na vitu vyenye makali havitakiwi pia. Hapo ongeza hali ya hewa ya kwetu: unyevu wa Rungwe, jua la Kyela, moto wa kiangazi kwenye nyasi za Mufindi.

*Utunzaji.* Nani atakwenda pale kopo likiibwa au daftari likilowa? Wahakiki hawapendi makopo ya watalii wanaopita mara moja. Kama huishi karibu, uwe na mtu wa palepale aliyekubali kwa kinywa chake kulitazama.

Jiwe la Gangilonga, Iringa mjini

*Kufika.* Hapa ndipo rahisi kuliko kote kwa asiye na gari. Ukitoka katikati ya mji ni mwendo mfupi wa mguu au bodaboda ya bei ndogo, kisha kipande kifupi cha kupanda mwamba. Hicho kipande ndicho kinachobadilisha hesabu. Mtoto wa miaka saba atakipanda akicheka, mzee mwenye magoti mabovu atabaki chini. Alama ya njia ningeweka 2.5 au 3 kama kopo liko juu. Likiwa chini ya mwamba, 2 inatosha.

*Kinachomngoja.* Mji wote wa Iringa unalala chini yako, mabati na miti na milima nyuma yake. Simulizi za Wahehe zinalifungamanisha jiwe hili na Mtwa Mkwawa, yule aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 kabla ngome yake ya Kalenga haijaanguka mwaka 1894. Saa za asubuhi ni nzuri sana, na saa kumi na moja jioni mwanga unakuwa wa dhahabu. Hata hivyo, andika wazi kwenye maelezo yako kwamba watu waende wawili au zaidi na washuke kabla giza halijaingia. Ni mahali pa faragha karibu na mji, na mahali pa namna hiyo hapatakiwi kumwingiza mtu akiwa peke yake na simu mkononi.

*Ruhusa na majirani.* Anza ofisi ya mtaa. Kwa kuwa jiwe lina heshima ya kihistoria, usibandike chochote juu yake, usitoboe, usitumie gundi wala rangi. Vijana wanaokuja kupumzika pale ndio majirani wako wa kweli. Ukiwaeleza mchezo, wanakuwa walinzi. Usipowaeleza, kopo halitamaliza wiki.

*Maficho.* Watu ni wengi, kwa hiyo kopo liwe dogo, la chini ya mililita 100, kwenye mwanya ambao hautaki mkono kuingia kusikoonekana. Hilo nalisisitiza. Mianya ya miamba ni makazi ya mijusi kafiri na pimbi, na nyoka pia hupenda joto la mawe. Kopo lionekane kwa macho kwa mtu aliyeinama na kutazama vizuri, mkono ufuate baadaye.

Kama unaogopa wizi, kuna namna nzuri zaidi: kopo la hatua mbili. Hatua ya kwanza iwe makumbusho ya Boma, mjini humohumo. Mgeni asome bango fulani la nje, achukue tarakimu unazomwelekeza, azipachike kwenye namba za GPS, ndipo apate lilipo kopo lenyewe. Atakuwa amejifunza historia ya Iringa kabla hajapanda, na mpita njia hawezi kulipata kwa bahati.

*Utunzaji.* Ukiishi Iringa ni dakika chache tu. Weka akiba ya makopo mawili nyumbani, utayahitaji.

*Linamfaa* mwanafunzi, msafiri mwenye saa moja kabla ya basi, na familia yenye watoto wepesi. Halimfai anayetumia kiti mwendo, wala anayetaka utulivu wa peke yake.

Isimila

*Kufika.* Takriban kilomita 20 kutoka Iringa kwenye barabara ya Mbeya, kisha unachepuka kidogo. Daladala na Noah za njia kuu zinakushusha njia panda. Mwenye gari anafika mpaka langoni. Pale langoni ni tambarare. Makorongo yenyewe yanataka kushuka, na wakati wa mvua udongo wake unateleza na maji hupita chini kwa kasi.

*Kinachomngoja.* Nikiwa na mgeni wa siku moja tu Iringa, hapa ndipo nampeleka. Nguzo za mchanga mgumu zilizochongwa na mmomonyoko zimesimama juu ya kichwa chako, nyingine zimebeba kofia ya tabaka gumu juu yake. Upande wa pili ni zana za mawe: shoka za mkono zenye umbo la tone la maji, zimelala chini pale zilipoachwa. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule kutoka Afrika Kusini ndiye aliyeziona akaokota baadhi, na miaka ya 1957 na 1958 timu ya F. Clark Howell ikafanya uchimbaji mkubwa. Umri wake hukadiriwa kuwa takriban miaka 260,000.

*Ruhusa na majirani.* Ni eneo la malikale linalolindwa kwa sheria, lina kiingilio na mwongozaji. Kopo ndani ya korongo lisifikiriwe kabisa. Mtafutaji aliyechanganyikiwa na GPS atapindua mawe, na jiwe analolipindua linaweza kuwa zana ya Enzi ya Mawe. Nguzo nazo ni laini. Mguu mmoja uliopanda pasipopandwa huacha alama isiyofutika. Hapa sina huruma na wanaosema “kopo dogo halina madhara.”

*Maficho.* Kwa hiyo kuna njia mbili. Moja, zungumza na wasimamizi ili kopo likae eneo la lango, kwenye uzio au chini ya benchi, mahali wanapopaona wao. Au ufanye aina isiyo na kopo, ambayo nitaieleza nikifika kwenye Kimondo, maana Isimila ina somo kamili la jinsi maji yanavyochonga ardhi.

*Utunzaji.* Likiwa langoni, wahudumu wanakusaidia. Usichoke kuwapigia simu na kuwashukuru. Wao ndio wanaojibu maswali ya wageni wako.

*Linamfaa* karibu kila mtu, hasa mzazi mwenye watoto wa shule ya msingi na msafiri wa njia kuu anayetaka kunyoosha miguu. Kopo la langoni linaweza kupata alama ya njia 1.5, na hata 1 ukiwa umejiridhisha kwa kupita na mtu wa kiti mwendo mwenyewe.

Ziwa Ngosi

*Kufika.* Barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unashuka Isongole, halafu bodaboda au gari dogo mpaka mwanzo wa njia ya msituni kupitia mashamba ya viazi. Baada ya hapo ni miguu, saa moja hadi mbili za kupanda kutegemea pumzi zako. Njia ni ya udongo, mizizi na matope. Ukipanda baada ya mvua utashika mianzi kwa mikono miwili. Ukingo uko juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na anayetoka Dar es Salaam jana ataihisi hewa.

*Kinachomngoja.* Msitu unakufunika njia nzima: mianzi, migomba pori, na mimea inayoning'inia kwenye matawi kama ndevu. Kisha bila kutangulizwa miti inaachia, na chini kabisa unaliona ziwa la kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano, urefu wake kiasi cha kilomita mbili na nusu. Wenyeji wana simulizi zake, za nyoka mkubwa aishiye majini na za maji yenye uwezo wa tiba. Mwongozaji wa Isongole akikusimulia akiwa amekaa pale ukingoni, usimkatishe.

*Ruhusa na majirani.* Msitu ni wa hifadhi, kwa hiyo Wakala wa Misitu wahusishwe, na ofisi ya kijiji ijue. Kwa heshima ya mahali penyewe, ningeshauri kopo lisikaribie maji hata kidogo. Kwa baadhi ya watu ziwa hili si pa kuchezea, na mchezo wetu haupotezi kitu ukikaa mbali na ufuo.

*Maficho.* Hapa mambo mawili yanapigana nawe. La kwanza ni GPS yenyewe. Chini ya majani mazito simu inaweza kukosea mita kumi au zaidi, na mita kumi kwenye mteremko huu ni hatari. Chukua namba zako mara kadhaa, kwa nyakati tofauti, upate wastani, halafu uandike kidokezo kinachoeleweka, kwa mfano “mti ulioanguka upande wa kuume, kabla ya mpando wa mwisho.” Kopo likae upande wa njia unaotazama nje ya shimo. Usiliweke ng'ambo ya ukingo, kwa sababu mtu anayetazama simu huku akirudi kinyumenyume anahitaji hatua mbili tu.

La pili ni unyevu. Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, na ukungu wake hupenya kila mahali. Daftari la kawaida litaota ukungu ndani ya msimu mmoja. Wengine walizoea kuviringisha daftari kwenye rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata zamani haikusaidia, maana jasho hubaki ndani. Tumia kopo ndani ya kopo: chupa ndogo ya dawa yenye kifuniko cha kuzungusha, ndani ya kopo kubwa lenye mpira kwenye mfuniko. Weka penseli, usiweke peni, kwa sababu maandishi ya penseli hayachuruziki yakilowa.

*Utunzaji.* Mgumu. Usijidanganye kwamba utapanda kila mwezi. Njia ya kweli ni kuafikiana na mwongozaji anayepanda na wageni kila wiki, umlipe kitu kidogo kila anapokukagulia na kukutumia picha ya daftari.

*Linamfaa* mpanda milima, kikundi cha vijana, mgeni aliyetenga siku nzima. Alama ya njia 4, na uandike kwamba mwongozaji ni wa lazima. Wazee na watoto wadogo usiwaite huku.

Kimondo cha Mbozi

*Kufika.* Kimondo kiko kijiji cha Ndolezi, mkoani Songwe, unachepuka kutoka barabara kuu ya Mbeya–Tunduma. Gari linafika karibu kabisa, na kutoka hapo ni hatua chache.

*Kinachomngoja.* Kipande cha chuma kutoka angani, urefu wa takriban mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kimekaa wazi kilimani. Kwa sehemu kubwa ni chuma, asilimia 90 hivi, na kilichobaki karibu chote ni nikeli. Wataalamu wa nje walikitambua mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nacho siku zote. Ukikigusa asubuhi ni baridi kabisa, na uso wake umejaa vishimo laini vya ukubwa wa kidole gumba. Kuna pembe iliyokatwa kwa msumeno, na pale chuma kinaonekana.

*Ruhusa na majirani.* Ni malikale, kina ulinzi na kiingilio. Idhini inahitajika hata kama huachi kitu.

*Maficho.* Usiache kitu. Mchezo una aina isiyo na kopo, iliyoanza mwaka 2004 chini ya Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani: mwenye nayo anaandika somo fupi la sayansi ya ardhi na maswali ambayo hayajibiki ila kwa kusimama palepale na kutazama. Mgeni anakutumia majibu, basi amelipata. Maswali yaandikwe kwa lugha ya mahali, yaani Kiswahili, kisha ukipenda uongeze nyingine. Mfano wa maswali: vishimo vya upande wa juu na wa pembeni vinatofautianaje? Sehemu iliyokatwa ina rangi gani ukilinganisha na gamba la nje? Ukitazama kilima chote, unaona dalili yoyote ya shimo la kuangukia? Swali hilo la mwisho watoto hulipenda, kwa sababu shimo halionekani, na hapo ndipo mjadala unapoanza.

*Utunzaji.* Karibu hakuna. Unajibu ujumbe tu.

*Linamfaa* anayesafirisha mizigo njia ya Tunduma, mwalimu wa jiografia, mzee, na yeyote asiyeweza kurudi mara kwa mara. Anayependa raha ya kupekua na kupata kitu mkononi ataona pungufu, na hilo ni haki yake.

Matema

*Kufika.* Ni mbali. Kutoka Mbeya unashuka Tukuyu, Kyela au Ipinda, mpaka joto la ziwani, mita 470 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Koti la Mbeya unalivua njiani. Ukishafika hutembei sana, ila mchanga ni mchanga: magurudumu ya kiti mwendo yanazama.

*Kinachomngoja.* Milima ya Livingstone inateremka moja kwa moja majini, maji ni matamu na safi, mitumbwi imepangwa ufuoni. Jumamosi kuna soko la Lyulilo ambako akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Ukitaka mgeni akumbuke kopo lako kwa miaka, mlete Jumamosi.

*Ruhusa na majirani.* Ufuo wote una wenyewe: nyumba za wageni, wavuvi, kijiji. Chagua nyumba ya wageni moja, zungumza na meneja, na kopo likae kwenye bustani yao kwa masharti kwamba mtafutaji asiyelala pale naye anaruhusiwa kuingia. Wavuvi nao waambiwe, kwa kuwa hakuna kinachoonwa mapema kwenye ufuo kama mgeni anayezungukazunguka penye mitumbwi yao.

*Maficho.* Ziwa Nyasa hupanda na kushuka kwa msimu, na mawimbi ya upepo yanakula ufuo. Usiweke chochote chini ya mstari wa majani makavu ambayo maji yameyaacha juu. Midomo ya mito iepukwe, wenyeji wenyewe huonya juu ya mamba. Maficho ninayoyapenda sana hapa ni chungu kidogo cha Kikisi kilichofunikwa chini juu, kopo likiwa ndani yake, kando ya vyungu vingine vya maua bustanini. Hakimsumbui mtu, hakizeeki vibaya juani kama plastiki, na aliyekifinyanga amelipwa.

*Utunzaji.* Mwachie ufunguo wa kazi hiyo mtunza bustani. Wewe nenda mara moja kwa mwaka, kabla ya Novemba.

*Linamfaa* familia iliyokuja kupumzika siku mbili au tatu, na wageni kutoka nje. Kwa aliye na siku moja tu kutoka Mbeya, safari ni ndefu kuliko furaha.

Na Kitulo je?

Wengi wataniuliza. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua yake kuanzia Desemba hadi Aprili ni ya kustaajabisha. Lakini okidi za ardhini hukanyagwa kwa urahisi, na viazi vyake tayari vinachimbwa na kusafirishwa kwa ajili ya chikanda, chakula cha Zambia kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Watu kuiacha njia na kutafuta kopo nyasini ni madhara ya wazi. Bila TANAPA kukuonyesha mahali kwenye lango, paache.

Lebo ya kubandika

Popote utakapochagua, kopo lizungumze Kiswahili. Maneno haya yanatosha:

“Habari. Kopo hili ni la mchezo wa kutafuta kwa GPS. Ndani kuna daftari na penseli tu. Hakuna fedha, hakuna dawa, wala halihusiani na ushirikina. Ofisi ya kijiji ina taarifa. Tafadhali lifunge na ulirudishe ulipolikuta. Mwenye kopo: …” Kisha namba yako ya simu.

Kijana anayechunga ng'ombe akilisoma, anaweza hata kuandika jina lake. Afanye hivyo, ni mtafutaji kama wengine.

Chagua kwa hali yako

Kama unaishi Iringa na hii ni mara yako ya kwanza, Gangilonga na Isimila ndiyo maswali yako mawili. Ukipenda kushughulika na kopo mara kwa mara, na wageni wengi wanaokuja kwa miguu, chukua Gangilonga kwa mpango wa hatua mbili. Ukitaka kopo ambalo bibi na mjukuu wataandika majina ukurasa mmoja, nenda kazungumze na walinzi wa Isimila.

Kama uko Mbeya na una miguu, Ngosi itakupa sifa na barua za shukrani, lakini tu ukishampata mwongozaji wa kukutunzia. Ukimkosa, ahirisha. Kopo lililooza msituni ni takataka katika hifadhi, na wahakiki watalifuta.

Kama una jamaa au rafiki anayetumia kiti mwendo na unamfikiria yeye, usianze na kopo, anza na yeye. Mzunguke pamoja langoni Isimila na pale Kimondo, aguse, akuambie kinachomshinda, ndipo uandike alama ya njia. Matema pia inawezekana ikiwa nyumba ya wageni ina njia ya saruji mpaka bustanini. Ufuoni asipelekwe kwa ahadi isiyotimizika.

Mwalimu mwenye darasa zima achague Kimondo au Isimila bila kopo. Wanafunzi arobaini wakipekua mwanya mmoja wa mwamba, hakuna maficho yatakayobaki, ila wanafunzi arobaini wakijibu maswali matatu kwa kutazama jiwe wanaweza kubishana mpaka Vwawa.

Na kama wewe ni wa kupita, unafanya kazi Dodoma au Dar es Salaam na unarudi nyumbani Tukuyu kila Desemba tu, kuna mtu mmoja wa kumtafuta kabla ya mahali: mpwa, shangazi mwenye duka, fundi wa bodaboda pale stendi. Akikubali, kopo liwekwe karibu naye yeye, hata kama mandhari ya pale ni ya kawaida, na jina lake liandikwe kwenye maelezo kwa wahakiki kama mtunzaji.